Wamesoma kuhusu picha, lakini picha hawajaiona

Mwalimu wa sanaa:
Walimu wenzangu, naomba msaada. Nafundisha uthamini wa sanaa. Niliwapa wanafunzi kurasa nne kuhusu mchoro wa Jan van Eyck wa mwaka 1434, ule wa mfanyabiashara Arnolfini na mwanamke wameshikana mikono chumbani. Wamepigia mistari karibu kila sentensi. Nikauliza, kioo kiko wapi? Kimya. Jina na mwaka wanavijua, picha yenyewe hawajaitazama. Mnafanyaje?

Nimestaafu juzi:
Pole, mwalimu. Hayo yalinisumbua miaka. Kilichonisaidia ni zile hatua tano za kusoma alizoziandika mwanasaikolojia Francis Robinson mwaka 1946: pitia juu juu, uliza, soma, simulia, rejea. Ila mimi hatua ya kwanza andiko nalifunika. Dakika kumi ni picha tu, na kila mmoja aandike maswali matatu. Kwa picha hiyo hawakosi kuuliza: mbona kwenye kinara unawaka mshumaa mmoja tu, tena mchana? Mbona viatu vimevuliwa? Sasa wafunue andiko, wasome wakitafuta majibu ya maswali yao wenyewe.

Wasome aya moja, kisha macho yarudi kwenye picha. Pembeni waandike N kwa kinachoonekana, D kwa dai la mwandishi. "Ndani ya kioo kuna watu wawili mlangoni" ni N. "Hawa wanafunga ndoa" ni D, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Hapo ndipo darasa huchangamka.

Kusimulia usikuruke hata muda ukibana. Andiko likifungwa, kila mmoja amweleze mwenzake picha kana kwamba wanaongea kwa simu. Aliyekariri tu atakwama sentensi ya pili.

Penseli:
Wape na kipimo. Mchoro huo una urefu wa sentimita 82 hivi na upana 60, lakini projekta inaufanya uwe ukuta mzima. Mimi huwakatia karatasi ya ukubwa huo.

Mwalimu wa sanaa:
Asanteni sana. Leo nimefunika andiko. Binti mmoja ambaye huwa hasemi kabisa alisogea hadi karibu na picha, akauliza, "Haya maandishi juu ya kioo yanasemaje?" Sikumjibu. Alipofunua andiko aliruka moja kwa moja hadi ukurasa wa tatu, akasoma kwa sauti: "Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434." Darasa zima likainuka kwenda kukitazama kioo.