Vitabu vya kutengeneza na watoto wa chekechea: kurasa zinachomoka, na hawavifungui tena

MamaAwali_Mbagala
Wadau, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina watoto 12 wa miaka 4 hadi 6. Tunatengeneza vitabu kwa A4 na stepla. Kuchora wanachora vizuri, ila siku ya tatu kurasa zinachomoka, hadithi inajikuta imeanzia mwisho, na kitabu kikishaisha hakuna anayekifungua tena. Bajeti ni rimu moja na manila chache. Nakosea wapi?

FundiJalada
Dada, stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, ndiyo maana wengi hubana pembeni. Kitabu kilichobanwa pembeni hakilali wazi. Mtoto anakikandamiza kwa kiganja na karatasi inachanikia kwenye pini. Zaidi ya hapo, kwa unyevu wetu huu wa pwani pini zinashika kutu. Achana nazo, shona.

Karatasi 4 zikikunjwa katikati kwa pamoja zinatoa kurasa 16. Kwa wa miaka 4 weka 2 tu, kurasa 8 zinamtosha. Manila iwe jalada. Fungua katikati, weka alama tatu kwenye mkunjo: moja sentimita 10.5, nyingine mbili sentimita 4 kutoka kila ncha. Kutoboa ni kazi yako, kwa shazia, chini weka kandambili kuukuu. Mtoto ashone kwa sindano butu na uzi wa sentimita 60. Anzia ndani: toka tundu la kati, ingia la juu, ruka la kati kwa ndani, toka la chini, kisha ingia tena la kati. Ncha mbili za uzi zikae huku na huku ya ule uzi mrefu, ndipo ufunge fundo juu yake. Unapokaza, vuta kufuata mkunjo. Ukivuta kuelekea kwako matundu yanachanika, na hapo ndipo wengi huharibu.

Hadithi kuanzia mwisho: mnachora kabla ya kushona. Kwenye kitabu cha kurasa 16, ukurasa wa 1 na wa 16 viko kwenye karatasi ileile. Shoneni kwanza.

MwlSilabi
Fundi kamaliza ya uzi. Kutofunguliwa ni jambo jingine: maneno yaliyomo ni ya nani? Mwulize mtoto "hapa kuna nini?", uandike alichosema vilevile. Akisema "paka kalala kwa bibi yake", iwe hivyo, usimnyooshee. Kisha msomee ukipitisha kidole chini ya kila neno. Sentensi moja kwa ukurasa, maneno matatu hadi matano, herufi za sentimita moja hivi. Anayejiandikia mwenyewe akiandika "ngombe", mwache amalize; alama ya ng' ataiona utakapoandika neno lilelile ubaoni.

Kwa kundi lako ningeanza na vitendawili. Ukurasa wa kulia: "Nyumba yangu haina mlango." Akigeuza, yai. Msomaji anasema "Kitendawili!", wenzake "Tega!", na hageuzi mpaka wajaribu. Mtoto anakuwa na sababu ya kufunua ukurasa, na kesho atataka kumtegea mwingine. Angalizo: msitumie maka peni. Wino unapenya, yai linaonekana kabla ya kugeuza na utamu wote umekwisha. Krayoni zinatosha.

Kinondoni_B
Kama uzi ni usumbufu, kuna kile cha karatasi moja. Kunja A4 mpaka upate vyumba 8, ifungue, ikunje nusu kwa upana, kata mstari wa kati kutoka upande wa MKUNJO hadi mkunjo unaofuata. Ukianzia upande ulio wazi unaharibu karatasi. Ikunje kwa urefu, sukuma ncha zikutane, laza kurasa upande mmoja. Kinatosha mkononi mwa mtoto.

MamaAwali_Mbagala
Asanteni sana. Je, gundi ya unga wa ngano kwa kubandikia kitenge kwenye jalada?

FundiJalada
Inafaa. Kikombe kimoja cha unga, vinne vya maji. Koroga unga na maji baridi kwanza, kisha upike mpaka uzito wa uji. Ukimwaga unga kwenye maji ya moto unapata madonge. Paka kidogo kwenye manila, si kwenye kitenge, na ukandamize chini ya kitu kizito usiku kucha, la sivyo jalada linajikunja. Pika ya siku hiyo tu. Masika inaota ukungu upesi, na mende wanaipenda kuliko watoto wanavyopenda vitabu.