Jeti ya nyumbani: turbo ya lori, turbo ya Subaru au palsijeti?

Kijana_Umoja: Wadau, nataka kuunda injini ndogo ya jeti kwa spea za mtumba: turbo ya gari isukume hewa kwenye bomba la moto, moshi wake uizungushe turbo. Siku mbili nazunguka maduka ya spea ya Grogan na Kirinyaga Road hapa Nairobi. Turbo ya Subaru naiweza. Ya lori la dizeli wananitajia bei mara tatu. Rafiki yangu ananiambia niachane na turbo kabisa, nichomelee palsijeti. Nishike ipi?

Welda_Kariobangi: Palsijeti isiyo na vali ni bomba tu, hakuna kinachozunguka. Mafuta yanalipuka, moshi unatoka kwa kishindo, bomba linavuta hewa nyingine lenyewe, tena na tena. Wajerumani walitumia ya vali kurushia V-1 London mwaka 1944. Mimi nilichomelea yangu kwa siku nne. Ilipowaka, dakika haikuisha mwenye ploti akawa mlangoni, majirani nyuma yake. Inakula gesi vibaya pia. Kwa mtaa wa makazi kama Umoja, sahau.

Fundi_Dizeli: Chukua ya lori. Kipimo cha kila kitu ni mdomo wa kompresa, yaani gurudumu la turbo linalovuta hewa: bomba la ndani la kuchomea mafuta hufanywa upana mara mbili ya mdomo huo, urefu mara sita. Mdomo wa milimita 60 unakupa bomba la 120 kwa 360, mkono unaingia. Ya Subaru itakupa kikopo cha maziwa ya unga, na moto ndani ya kikopo huzimika ovyo.

Subie_Ngara: Kikopo, lakini kimezoea moto! Moshi wa petroli hufika karibu nyuzi 950, wa dizeli huishia 700 na kitu. Anayeanza lazima atapitisha joto siku ya kuwasha. Tabaini ya nani, yaani gurudumu la upande wa moshi, itavumilia?

Fundi_Dizeli: Hapo umenishika, ndiyo maana siwashi bila kipima joto. Ila nimeua turbo tatu, na zote ziliuawa na oili. Shafti inayounganisha magurudumu hayo mawili huelea juu ya oili ndani ya beringi. Ikikosa presha sekunde chache kwenye mizunguko 80,000 kwa dakika, kwisha habari. Nunua pampu ya oili ya umeme wa volti 12 kabla ya hiyo turbo. Paipu ya kurudisha oili iwe nene na ishuke wima, la sivyo oili itapenya sili utoe moshi kama jiko la kuni mbichi. Ukizima, pampu iendelee mpaka ipoe.

Welda_Kariobangi: Bomba la ndani, chuma cha pua. Na anza na gesi. Mafuta ya taa yanataka nozeli na pampu ya presha. Mtungi wa kilo 6 utashika barafu, tafuta wa 13.

Mwalimu_Fizikia: Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Msukumo ukiwa chini ya ule unaouona kwenye video za mtandaoni, usidhani umeharibu. Na usisimame ubavuni mwa turbo: gurudumu likipasuka, vipande hutokea hapo.

Kijana_Umoja: Ya lori basi, pampu kwanza. Niko nayo mkononi sasa hivi: shafti inacheza kidogo juu na chini, mbele na nyuma haichezi. Nilipe?

Fundi_Dizeli: Juu na chini ni nafasi ya oili. Ingecheza mbele na nyuma ningekwambia ukimbie. Lipa, lakini akupe na flanji za oili, vile vipande vya kufungia paipu kwenye turbo, asije akakuuzia kando.