Tupeane uzoefu: siku yako ya juu kabisa na siku yako ya chini kabisa

Wuod Kondele (mwanzilishi): Wadau, habari za jioni. Shemeji yangu anashikilia kwamba siku ya juu maishani lazima iwe harusi, mahafali au mtoto wa kwanza. Mimi nakataa. Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwauliza watu kuhusu nyakati zao za furaha kuu. Wakamweleza mambo yanayofanana: unasahau saa, unajisahau mwenyewe, hofu inakuondoka, na mara nyingi jambo lenyewe huja bila kuitwa. Harusi ina kamati na bajeti, sasa itakujaje bila kuitwa?

Dan McAdams wa Chuo Kikuu cha Northwestern, anayekusanya simulizi za maisha ya watu, huuliza pande zote mbili, juu na chini, na hakubali jibu la juujuu. Ulikuwa wapi? Na nani? Uliwaza nini? Basi na sisi tufuate hivyo. "Nilifurahi sana" hatutaki.

Naanza na yangu ya juu: Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria kule Kisumu, alfajiri, wavuvi wa omena wanarudi, taa zinazimwa moja moja ziwani. Nina kikombe cha plastiki cha uji mkononi. Ghafla nikajiona sina deni na mtu yeyote duniani. Na madeni nilikuwa nayo tele!

Mgeni wa Bungoma: Juu: soko la Chwele, fahali wangu kanunuliwa kwa bei niliyoitaka. Chini: pesa hizo ziliibwa kabla sijafika steji. Nawapisha wengine.

Mama Bahati: Baba alipofariki, hospitali ilikatalia mwili hadi bili iishe. Nilikaa kwenye benchi nje ya mochari, nimepakata begi lenye suti yake na viatu alivyovaa mara ya mwisho Krismasi. Kaka yangu mkubwa kazima simu. Kisha M-Pesa ikaanza kuingia. Mia. Mia mbili. Hamsini kutoka kwa kijana wa boda aliyekuwa akimpeleka mzee kliniki. Wengine hata siwajui, ni kina mama wa chama cha kijiji cha pili. Ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu asubuhi, na hakikuwa kilio cha huzuni. Nikiulizwa siku yangu ya juu, sina nyingine ila hiyo hiyo. Naona haya kuisema mbele ya watoto.

Wuod Kondele: Pole sana, mama. Usione haya. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaambia watu watie mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Awamu nyingine ikawa sekunde 60 zile zile, halafu 30 za ziada huku maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa warudie ipi, wengi wakachagua ile ndefu! Kumbukumbu haijali muda sana. Hushika pale hisia zilipozidi na pale palipoishia. Siku yako iliishia na ile hamsini.

Kocha wa Bondeni: Niliwahi kushinda beti ya maana (kiasi sitaji, kuna jamaa zangu humu). Mwanzoni nilikuwa mfalme wa mtaa. Baadaye hata chai na mandazi ya kibandani vikakosa ladha. Kilele changu ni ukingoni mwa kreta ya Menengai na watoto wa timu yangu, ukungu umejaa shimo lote, wote kimya, hata yule mtundu. Kisha tukaendelea na mazoezi.

Wuod Kondele: Kocha, hiyo ya chai iliandikwa na mwanasaikolojia Brickman na wenzake mwaka 1978. Washindi wa bahati nasibu kule Illinois walipata raha kidogo kuliko wengine katika vitu kama soga na kiamshakinywa. Ila waliohojiwa walikuwa 22 tu, msiifanye amri ya Musa.

Fundi wa Nakuru: Yangu ya chini ni Januari 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, uwanja wa maonyesho (Showground) wa Nakuru, tukiwa wakimbizi wa ndani. Kila mtu huniuliza nilijifunza nini. Sikujifunza kitu. Nilipoteza cherehani, nikapoteza na majirani niliokuwa nawaazima chumvi. Ya juu bado naisubiri.

Mama Bahati: Fundi, pole dada.

Wuod Kondele: Umesema kweli, na wataalamu wako upande wako. Tedeschi na Calhoun, walioandika kuhusu watu kukua baada ya kiwewe, hawakusema kila mtu hukua, wala kwamba anayekua huacha kuumia. Hapa kwetu mtu akifiwa asubuhi, jioni tunamdai ushuhuda.

Kocha wa Bondeni: Cherehani ulipata nyingine?

Fundi wa Nakuru: Nilipata, ya kukanyaga, mkono wa pili. Inaruka mishono kwenye jinzi.

Mgeni wa Bungoma: Badilisha sindano kwanza, weka namba 16. Ikikataa bado, angalia kulabu.