Vidole vya miguu vinavimba na kuwasha kila usiku, nisaidieni

Kibarua_Nkuhungu: Wakuu, heshima kwenu. Niko Dodoma, mwanaume, miaka 27. Hii ni wiki ya tatu vidole vya miguu vinanivimba, hasa kile kidogo na kinachofuata, miguu yote miwili. Mchana navumilia. Balaa ni usiku nikishajifunika blanketi: vinawasha na kuchoma kama nimepakwa upupu. Rangi imekuwa ya zambarau inayoelekea weusi. Funza hakuna, nimekagua kwa tochi. Duka la dawa walinipa ya fangasi, nimemaliza tyubu nzima, wapi. Nijibuni mapema, kuna jambo nataka kulifanya Jumamosi.

Bwana_Mnadani: Gauti hiyo. Punguza nyama choma ya mnadani Msalato. Mimi kidole gumba kilivimba mpaka shuka likigusa nalia. Nikakatazwa nyama miezi mitatu. Fungu langu akawa anakula mama watoto, akanenepa yeye.

Mama_Ipagala: Mwanangu, hebu kumbuka vizuri, hakuna uliyemdhulumu? Kaombewe.

Mwana_Makete: Hiyo naijua, nimesoma bweni Makete. Mwezi wa sita na wa saba tunateka maji alfajiri, pekupeku, nyasi zina barafu. Vidole vinaumuka kama vitumbua vilivyozidi hamira. Usiku taa zikizimwa unasikia kwaru, kwaru, bweni zima linasugua miguu kwenye vyuma vya vitanda. Lakini Dodoma? Baridi yenu ni upepo na vumbi tu.

Nesi_wa_Zamu: Mleta uzi, unafanya kazi gani?

Kibarua_Nkuhungu: Mihangaiko tu dada.

Nesi_wa_Zamu: Mihangaiko ya wapi? Miguu yako inashinda kwenye nini?

Kibarua_Nkuhungu: Haya. Napanga nyama koldrumu, kile chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama, saa tisa usiku mpaka saa moja asubuhi. Mule ndani ni nyuzi 2 au 3. Gambuti nilizopewa zinabana na moja ina tundu, maji yanaingia. Sikutaja kwa sababu humu tunafahamiana.

Nesi_wa_Zamu: Na ukitoka?

Kibarua_Nkuhungu: Nje kuna mama ntilie, naweka miguu juu ya jiko lake la mkaa mpaka soksi zinatoa mvuke. Wenyeji wa kazi ndivyo walivyonifundisha, bila hivyo hata kupanda bodaboda siwezi. Na Jumamosi natoboa malengelenge mawili yaliyotokea, sindano nimeshanunua. Kazi siachi, hapo msijisumbue.

Nesi_wa_Zamu: Kumbe! Kwa maelezo hayo hicho ni kitu wanachokiita chilibleni. Baridi, hasa yenye unyevu, inabana mishipa midogo ya damu kwenye vidole. Ukivipeleka kwenye mkaa ghafla, mishipa midogo inafunguka kabla ile mikubwa haijawa tayari kupokea damu, maji yanavujia kwenye nyama. Ndiyo uvimbe. Huwa hautokei palepale, unakuja saa kadhaa baadaye au hata kesho yake, ndiyo maana unalaumu blanketi. Na ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu wa kwenye vitabu, inakuja zambarau kama yako. Miguu ikiepushwa na baridi huisha yenyewe ndani ya wiki 1 mpaka 3. Wewe kila alfajiri unaianza upya.

Sindano tupa. Ukitoboa unafungulia vijidudu mlango, kidonda cha kidole hakiponi haraka. Ukitoka, vua soksi mbichi, kausha, vaa kavu, miguu ipate joto polepole, usisugue wala kujikuna. Gambuti tafuta pana. Sigara kama unavuta, acha, nayo inabana mishipa. Ukiona usaha, au una sukari, nenda kituo cha afya leo. Daktari anaweza kukuandikia nifedipini, lakini usijinunulie, ile ni dawa ya presha.

KalamuNyekundu: Chai hii. Mwezi wa tatu huyu huyu alifungua uzi anavuna zabibu Hombolo. Leo koldrumu. Kesho atakuwa rubani.

Bwana_Mnadani: Chai na maandazi 😂 Nilishaanza kumwonea huruma.

Kibarua_Nkuhungu: Zabibu zina msimu, Kalamu. Zikiisha nile majani yake?

KalamuNyekundu: Weka picha ya gambuti lenye tundu.

Kibarua_Nkuhungu: Ili bosi alitambue? Lina namba zimeandikwa kwa rangi nyeupe. Siweki.

Mama_Ipagala: Huyo Kalamu naye ameshawahi kuamini nini?

Mwana_Makete: Mimi namwamini. Mtu wa kutunga angesema vinauma kwenye baridi. Hajui kwamba kwenye baridi vinakufa ganzi, mateso yanaanza ukishapata joto. Kibarua, unavaa namba ngapi? Nina gambuti la shamba, pana, limekaa tu stoo.

Kibarua_Nkuhungu: Namba 9 mkuu. Ila ningependa 10, niweke soksi mbili.

KalamuNyekundu: Anachagua na saizi.

Nesi_wa_Zamu: Yuko sahihi, soksi mbili kwenye kiatu kinachobana ni kazi bure. Jozi nyingine kavu iwe kwenye begi.

Bwana_Mnadani: Dada nesi, kwa hiyo na yangu haikuwa gauti?

Nesi_wa_Zamu: Yako ilikuwa gauti.

Kibarua_Nkuhungu: Asanteni. Sindano nimempa fundi cherehani jirani. Ila hili la jiko, dada… hata dakika mbili tu?