Kuwafunza watoto wadogo nyumbani kwa matembezi ya nje na vitabu vya kusoma pamoja: tuanzie wapi hapa Nairobi?

Mama Zawadi, Donholm

Hamjambo wazazi wenzangu.

Nina watoto wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, na tunaishi ghorofa ya tatu huku Donholm. Mpaka mwisho wa muhula uliopita binti yangu alikuwa akisoma katika shule moja ya binafsi. Alikuwa akiamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu basi la shule lilimchukua yeye kwanza kabla ya kuzunguka mitaa mingine, na jioni alirudi na kazi ya ziada iliyotukalisha mezani mpaka saa mbili usiku. Hayo niliyavumilia, kwa kuwa ndivyo watoto wengi wa mji huu wanavyoishi. Lililoniumiza ni jambo dogo zaidi. Nilimnunulia kitabu cha hadithi chenye picha nzuri, tukakisoma pamoja kitandani, na tulipofika mwisho akapekua kurasa za nyuma, akakigeuza huku na huku, kisha akaniuliza, "Mama, maswali yako wapi?" Nilipomwambia kwamba hakuna maswali, hakujua afanye nini na kitabu kile.

Mimi na mume wangu tumekubaliana kujaribu kuwafunza nyumbani kwa mwaka mmoja. Mimi ni fundi wa cherehani na kazi yangu naifanyia nyumbani, kwa hivyo asubuhi ninaweza kuwa nao. Nimevutiwa na njia ya Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, ambaye alishikilia kwamba mtoto asianzishiwe masomo rasmi kabla ya kutimiza miaka sita, kwamba miaka hiyo ya mwanzo aipitishe nje kwa saa nyingi, na kwamba baadaye asomewe vitabu vilivyoandikwa na watu wanaolipenda jambo wanalolieleza, kisha asimulie mwenyewe alichokisikia. Lakini yeye aliishi Ambleside, katikati ya milima na maziwa ya kaskazini mwa Uingereza, na mimi dirishani kwangu naona matangi ya maji na kamba za nguo.

Naomba ushauri wenu. Sisi tusio na gari tuwapeleke wapi, na mara ngapi kwa wiki? Ni vitabu gani vya kusomewa watoto wa umri huu, hasa kwa Kiswahili? Na nitajuaje kwamba wanajifunza? Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana, ameniuliza swali hili la mwisho mara mbili, na mara zote mbili nimekosa jibu.

Mama Imani, Kasarani

Mama Zawadi, pole na hongera kwa pamoja. Sisi tulianza bila kupanga, shule zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka 2020, na zilipofunguliwa zote Januari 2021 tuliamua kuendelea. Nitakueleza niliyojifunza kwa kukosea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta mahali papya kila wiki. Jumatatu hii makumbusho, ijayo msitu wa Karura, inayofuata vilima vya Ngong, na watoto walirudi wamechoka, wameona mengi na hawakumbuki lolote. Mwishowe nauli yenyewe ilinifundisha. Tukachagua City Park peke yake, kwa kuwa kutoka kwetu tunaweza kushuka Pangani na kutembea, tukawa tunakwenda kila Jumatano asubuhi, iwe jua iwe mawingu. Pale bado kuna kipande cha msitu wa asili, kuna kima wanaojua vizuri sana mfuko wenye ndizi ni upi, na kuna miti ambayo sasa wanangu wanaijua kama wanavyowajua majirani. Mtoto anayerudi mahali pamoja huanza kuona mabadiliko: tawi lililovunjika, maua yaliyokuwa hayapo wiki iliyopita, kumbikumbi waliotoka ardhini baada ya mvua ya kwanza ya vuli. Anayekwenda mahali papya kila mara huona upya tu.

Wala usidhani lazima kuwe na msitu. Jambo kubwa zaidi walilowahi kulichunguza wanangu lilitokea kwenye ua wa michongoma wa ploti yetu, ambapo walimkuta kinyonga dume wa aina ile yenye pembe tatu. Jirani yetu alitaka auawe, kwa sababu kwao kinyonga ni mkosi, nami nilimwomba kwa heshima atuachie siku hiyo moja. Tuliketi mbele ya ua ule karibu saa nzima. Mwanangu, wakati huo akiwa na miaka saba, alitaka kumchora, na mchoro wake wa kwanza ulikuwa na vidole vitano vilivyopangwa kama vya mkono wa mtu. Nikamwambia tu, "Mtazame tena." Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba vidole vimegawanyika makundi mawili kama koleo, viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine. Baada ya dakika nyingine akapiga kelele kwamba miguu ya mbele ina vitatu kwa ndani na miguu ya nyuma ina vitatu kwa nje. Mimi nimekulia Murang'a na nimewaona vinyonga maisha yangu yote, lakini jambo hilo sikuwa nalijua. Usiku nikawasimulia hadithi ile ambayo jamii nyingi za Kibantu zinayo, ya kinyonga aliyetumwa na Mungu awaambie watu kwamba hawatakufa milele, akachelewa njiani, na mjumbe mwingine akafika kabla yake. Sasa mwanangu anao mwendo wa kinyonga machoni na hadithi yake moyoni, na hajajibu swali hata moja la kuchagua kati ya a, b, c na d.

Kila mtoto awe na daftari lake lisilo na mistari. Anachora kitu kimoja alichokiona, wewe unamwandikia jina lake na tarehe, basi. Usimsahihishie mchoro. Wa miaka minne hatachora kitu cha kutambulika, naye mwache achore.

Kuhusu kusoma, fanya kidogo kila siku. Kwetu ni robo saa baada ya chai ya saa nne na robo saa kabla ya kulala. Nikimaliza kusoma nafunga kitabu na kusema, "Haya, nisimulie." Siku za mwanzo utapata sentensi mbili, na pengine moja kati ya hizo itakuwa si ya kweli. Usimkatize, wala usimwongezee maneno aliyoyasahau. Miezi miwili baadaye utasikia maneno ya kitabu yakitoka kinywani mwake kana kwamba ni yake tangu zamani. Kwa swali la mama mkwe, hapo ndipo jibu lilipo: mwalike jioni moja, mtoto asimulie, yeye asikilize. Na ukiweza, mwombe naye asimulie za ujana wake, kwa sababu kikao kinachoanza kwa "Paukwa!" na watoto wakaitika "Pakawa!" ni somo kamili la lugha.

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka thelathini na moja, na ninakubaliana na mengi aliyoyasema Mama Imani. Hata hivyo nina wasiwasi kuhusu jambo moja, nami nitalisema waziwazi kwa kuwa nimewapokea darasani watoto walioteseka kwa ajili yake. Kumsomea mtoto si sawa na kumfundisha kusoma. Mtoto anaweza kusomewa vitabu mia moja, akazipenda hadithi na akazisimulia kwa ufasaha, lakini asiweze kusoma neno "mbuzi", kwa sababu hakuna aliyemwonyesha jinsi herufi zinavyoungana. Matembezi na hadithi zimpe mtoto hamu na msamiati, lakini kando yake weka dakika kumi na tano kila asubuhi za silabi peke yake.

Bahati yetu ni kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Anza na irabu tano, uende kwenye ba, be, bi, bo, bu, kisha silabi kama mba, nda na ng'o zinazowasumbua wengi, na mtoto wa miaka sita atakuwa anasoma sentensi fupi baada ya miezi michache tu. Kiingereza kina sheria nyingi zinazopingana, kwa hivyo kifuate Kiswahili, kisikitangulie. Hali kadhalika hesabu: kokoto, mbegu na vifuniko vya chupa vinatosha mwaka mzima, lakini vitumike kila siku. Binti wa miaka sita, kwa umri wake, angekuwa Gredi ya 1, kwa hivyo chukua muundo wa mtaala wa gredi hiyo kutoka Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, uusome wewe mwenyewe, na uupitie mara moja kila muhula ili akirudi shuleni asikute pengo.

Suala la pili ni la kisheria. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mwanawe ameandikishwa na anahudhuria. Kwa hivyo, kabla hamjaenda mbali, zungumzeni na wakili anayeielewa sheria hiyo, na tangu siku ya kwanza wekeni kumbukumbu: tarehe, mlichosoma, michoro, na kazi za hesabu. Sisemi hivi ili kukutisha, mwanangu. Nasema kwa sababu mzazi aliye na kumbukumbu nzuri huulizwa maswali na akajibu.

Kwa vitabu, usinunue vingi. Una maktaba ya kitaifa hapa kwetu Buruburu, una ya Kaloleni na ya Makadara, ambazo ni matawi ya McMillan, ile maktaba kongwe ya katikati ya mji iliyofunguliwa mwaka 1931. Zote hizo zinafikika kwa urahisi kutoka Donholm. Chagua vitabu kwa kipimo hiki: soma ukurasa mmoja kwa sauti, ukiwa umesimama palepale kwenye rafu. Kama ulimi wako unateleza vizuri na wewe mwenyewe unatamani kujua kitakachofuata, kichukue. Kama kila ukurasa unamalizika kwa onyo la tabia njema, kirudishe. Hadithi za Abunuwasi, za Sungura na Fisi, na vitendawili vya wazee vinapita kipimo hicho tangu enzi na enzi.

Baba Pendo, Kangemi

Nitaongeza machache tu. Wangu wanakwenda shule za kawaida na Jumamosi tunatoka, kwa hivyo msidhani jambo hili ni la wanaofunzia nyumbani pekee.

Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, inafaa sana kwa wadogo, kwa sababu ni kama hekta 30 tu na haiwachoshi. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingefaa kwa kuni za magarimoshi, na watoto wangu hupenda kukisia mti upi ulitoka Australia na upi ni wa kwetu. Karura ni kubwa, zaidi ya hekta elfu moja, basi amueni mapema mtakwenda kwenye maporomoko au kwenye mapango waliyoyatumia wapiganaji wa Mau Mau, msijaribu yote siku moja. Watoto waliofikisha miaka sita wanaweza pia kuelezwa habari za Profesa Wangari Maathai, aliyepigwa akiutetea msitu huo mwaka 1999, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Wangu waliusikiliza mkasa ule wakiwa wameketi kwenye kivuli cha miti yenyewe, nao huuliza habari zake mpaka leo.

Suruali ziingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na mtangulie kutazama ardhi kabla ya kutandika shuka.

Mama Zawadi, Donholm

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilitaka kwanza kujaribu, na sasa zimepita wiki tatu.

Mwalimu, silabi tumezianza, na wakili tutamwona mwisho wa mwezi. Kadi ya maktaba ya Buruburu tunayo. Matembezi yetu, Mama Imani, yameishia umbali wa dakika kumi kutoka nyumbani, kwenye mgunga mmoja ulio kando ya uwanja wa mpira ambapo kwera wamejenga viota vingi sana. Nilikuwa nikipita chini ya mti ule kila wiki nikienda kununua vitambaa na sikuwahi kuinua kichwa.

Jumanne iliyopita tulimtazama dume mmoja akisuka. Alileta ujani mrefu mdomoni, akaupitisha kwenye tundu, akahamia upande wa pili, akauvuta. Binti yangu alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, anashona kama wewe." Kisha jike alikuja, akaingia kiotani, akakaa kidogo, akatoka na kuondoka. Dume alianza kukibomoa kiota kile, ujani mmoja mmoja, na mwanangu mdogo akalia kwa huruma.

Jioni mama mkwe alikuja kula nasi. Sikusema neno. Binti alileta daftari lake, akamwonyesha nyanya yake mchoro wa kiota kinachoning'inia, akamsimulia habari yote tangu ujani wa kwanza mpaka kilio cha ndugu yake, bila kuruka lolote. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, halafu akauliza kama Jumanne ijayo tunatoka saa ngapi.