Kopo la kapasita lenye miguu mingi kwenye amplifaya za valvu: tupeane uzoefu

Fundi Pasiansi: Wakuu, nimeletewa amplifaya ya valvu ya zamani, inanguruma hata ukishusha sauti yote. Kopo la kapasita (kapasita kadhaa za kuhifadhi chaji ndani ya kopo moja) limevimba. Chini lina miguu mitatu yenye alama: nusu mwezi, mraba, pembetatu. Waliowahi kuyafunga haya, yapi yaliwakuta?

Mtoto wa Nansio: Umenikumbusha mbali mkuu. Nilikuwa najifunza kazi kwa mzee mmoja huku Ukerewe, ikaletwa amplifaya ya kanisa iliyotoka kubadilishwa kopo na fundi mwingine. Kopo lile lilikuwa na sehemu nne: tatu za volti 450, ya nne ya volti 25 tu, ile ya kathodi (sehemu inayotoa elektroni) ya valvu za mwisho. Fundi yule alifuata mguu ulipokaa kwenye kopo la zamani, maandishi ya ubavuni hakuyasoma. Waya wa rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC, volti za juu) akaulehemu kwenye volti 25! Mzee akawasha. Valvu zikapata moto taratibu, akainama asikilize. Paa! Kitako kikang'oka, utepe wa alumini ukamwagika kama utumbo wa sangara, mvuke ukamchoma shavu. Jicho lilipona kwa miwani.

Igoma One: Dah. Pole yake mzee.

Mzee Kirumba: Alama hazina thamani moja kwa makopo yote. Soma ubavuni, basi.

Nyegezi Sound: Mnajitesa. Acha kopo lilipo, unga kapasita mpya sambamba nalo kwa chini. Mngurumo kwisha.

Mzee Kirumba: Usimpoteze kijana. La zamani linalovuja litaendelea kuvuja, mwisho linaondoka na transfoma. Kata waya zake, kopo libaki pambo.

Nyegezi Sound: Nimefunga nyingi hivyo, wateja hawajarudi.

Mzee Kirumba: Hawajarudi kwako. Wanakuja kwangu.

Dada Bugando: Mnagombana na chaji hamjaitaja! Imezimwa ndiyo, lakini volti 300 na zaidi zinaweza kuwa zimelala humo. Toa kwa rezista ya kiloomu 10 wati 5, kisha pima kwa mita. Mkono mmoja mfukoni.

Igoma One: Bisibisi inatosha, ikipiga cheche unajua imekwisha.

Dada Bugando: Na mguu wa kapasita unatoboka. Acha hizo kaka.

Sengerema Valvu: Tena usiongeze ukubwa wa kapasita kiholela. Sehemu ya kwanza baada ya rektifaya ina kikomo: valvu ya rektifaya GZ34 ni maikrofaradi 60, EZ81 ni 50. Na kopo likikalia kipande cha fiba kisichopitisha umeme, hasi yake haitakiwi kugusa chesisi (bati la fremu).

Igoma One: Kopo la pambo likikosekana, mafundi bati wa Makoroboi hapa Mwanza wapo.

Fundi Pasiansi: Nimefuta vumbi ubavuni. Nusu mwezi maikrofaradi 40 kwa volti 450, mraba 20 kwa 450, pembetatu 20 kwa volti 25! Mtoto wa Nansio, Mungu akubariki. Nafunga kapasita mojamoja chini ya chesisi. Mwenye za volti 450 hapa mjini aniambie bei.