Tupeane uzoefu: mtoto mkubwa anapopata mdogo wake

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu, mdogo wake ana wiki tatu. Toka turudi kutoka hospitali amerudia kukojoa kitandani, anataka mgongo, na kula mpaka alishwe. Jana kamfinya mdogo wake, halafu akaangua kilio yeye. Bibi yake anasema ni deko tu, achapwe. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mama Wawili, Mbeya
Hongera na pole, mwaya. Wangu alirudia mpaka kuongea kitoto. Kwetu waliomuumiza ni wageni. Kila anayekuja kuona mtoto anampita mlangoni, halafu anamtania: "Umeshapinduliwa, mama si wako tena!" Watu wazima wanacheka, yeye anajificha nyuma ya kochi. Siku moja shangazi yake akaja na doti ya khanga yangu na biskuti za mkubwa. Akaanza kumsalimia yeye: "Haya, nipeleke nikamwone mgeni wako." Mtoto akamshika mkono, akaingia naye chumbani kama mwenye nyumba! Toka hapo kila anayepiga simu anasema anakuja, namwomba afanye vilevile. Utani wa kupinduliwa nikaupiga marufuku.

Baba Doto
Wababa nasi tuna kazi hapa. Sheria ya kazi Tanzania Bara inampa mama likizo ya uzazi siku 84, za mapacha 100, baba 3. Hizo tatu zinaishia kwenye kufuatilia karatasi za hospitali. Mimi nilichukua jioni: namwogesha mkubwa, kisha tunakwenda genge kununua nyanya, wawili tu. Njiani ndipo aliponiuliza, "Baba, yule mtoto ataondoka lini?" Nikamwambia haondoki, ila hata mimi kelele zake za usiku zinanichosha. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwanamvita
Sisi Kenya baba hupewa wiki mbili, na wangu alizimaliza barazani, tuyaache hayo. Mwenzangu, la mkojo usimwaibishe. Usianike godoro mbele ya wenzake wakamwita kikojozi. Tandika mpira, mwamshe akojoe kabla hujalala. Lakini mkojo ukimuuma, au akiwa na kiu isiyo ya kawaida, mpeleke apimwe, isije ikawa ni ugonjwa.

Mkunga Mstaafu
Kufinya nako kusipuuzwe. Usiwaache wawili peke yao chumbani hata dakika moja. Mshike mkono, mwambie "umekasirika, ila mtoto hafinywi," kisha mpe kazi: alete nepi, achague nguo. Kumchapa kunamthibitishia kwamba kweli kapinduliwa.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Mjomba wake anakuja kesho, nimeshamtumia ujumbe aanze na mkubwa. Tatizo limebaki kwa bibi. Yuko kwangu mpaka arobaini, na ndiye anayenikanda. Mtu anayekukanda unamgomeaje?

Mama Wawili, Mbeya
Hilo fungulia uzi wake, tutajaa.